Viini Vinane, Kazi ya Kimoja

Mwongozo huu ni wa yule aliyenunua laptopu yenye prosesa ya viini vingi, akaandika programu yake ya kwanza ya kufundisha mtandao wa neva, akafungua Task Manager aone mambo yanavyokwenda, akakuta kiboksi kimoja ndicho kinachohema na saba vimelala. Roho inauma. Vyote vimelipiwa! Basi hapa tutaelekezana namna ya kuviamsha vyote, vikeshe, feni ilie mpaka jirani aulize kulikoni, na asubuhi mtandao uwe umejifunza kilekile ambacho ungejifunza kwa kiini kimoja, kwa muda uleule au zaidi kidogo.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu viini, na kuvihesabu vibaya.

Muuzaji pale Kariakoo alikwambia, “Hii i7, bosi, haigandi,” nawe ukaondoka ukijua una viini vinane. Usiende kusoma jina kamili la prosesa. Ukilisoma unaweza kukuta ni i7-7600U ya mwaka 2017, ambayo ina viini 2 tu, ila Windows inaonyesha 4 kwa sababu kila kiini kinapokea nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Intel inauita mpango huo Hyper-Threading. Unasaidia kweli pale uzi mmoja unapokwama kusubiri data kutoka kwenye RAM, mwingine ukaendelea. Lakini kazi karibu yote ya mtandao wa neva ni kuzidisha matriki, na programu nzuri ya kuzidisha matriki haiachi nafasi: nyuzi mbili ndani ya kiini kimoja zinagawana sehemu zilezile za kuzidishia namba, na sehemu hizo zilishajaa tangu uzi wa kwanza. Wewe weka 4 hata hivyo. Namba iko kwenye kioo, nani atakubishia?

Mwenye laptopu mpya zaidi ana raha ya aina yake. Prosesa kama i7-1255U ina viini 10, lakini 2 ndivyo vikubwa, na 8 ni vidogo vilivyowekwa ili kubana umeme. Gawa kazi mafungu 10 yaliyolingana sawasawa. Vikubwa vitamaliza mapema, kisha vitakaa kuvisubiri vidogo.

Na ukikodi seva, usihangaike kusoma mkataba. Iulize Python kwa os.cpu_count(). Ndani ya kontena la Docker lililoruhusiwa kutumia muda wa viini 2 kwenye mashine yenye 64, itakujibu 64 bila aibu. Anzisha nyuzi 64. Mfumo endeshi utazipokea zote kwa heshima, kisha utazipanga foleni.

Msomaji mdadisi atauliza kwa nini tunajaziwa viini badala ya kupewa kimoja chenye kasi ya ajabu. Jibu ni joto. Intel ilikuwa na mpango wa kutoa Pentium 4 ya 4 GHz. Oktoba 2004 ikaufuta. Kuanzia 2005 prosesa za viini viwili zikaanza kuingia kwenye kompyuta za watu wa kawaida, na mwaka huohuo Herb Sutter akaandika makala iliyosomwa sana, akiwaonya waandishi wa programu kwamba siku za kukaa tu na kusubiri prosesa ijayo ikukimbizie programu yako zimekwisha. Tangu hapo kasi haiji yenyewe. Lazima uigawe kazi mwenyewe. Huko kugawa ndiko kunakolisha mwongozo huu.

Turudi kwenye madhara. Kwenye maktaba ya scikit-learn kuna kigezo kinaitwa n_jobs, na ukikipa -1 maana yake ni “tumia viini vyote”. Kiandike kila mahali. Pale kinapokataliwa, kama kwenye MLPClassifier, ambayo ndiyo mtandao wa neva wa maktaba hiyo na haina kigezo hicho kabisa, usikate tamaa: uzungushie GridSearchCV, ukiandike huko. Sasa tazama kinachotokea chini ya sakafu. NumPy na PyTorch hazizidishi matriki zenyewe. Zinaiachia maktaba kama OpenBLAS au MKL, na hizo, zisipoambiwa lolote, hufungua nyuzi kwa kadiri ya viini zinavyoviona. Kwa hiyo ukianzisha michakato 8, na kila mchakato ukafungua nyuzi 8, una nyuzi 64 zinazogombea viini 8, kila mmoja ukimwondoa mwenzake na kufuta data aliyokuwa ameisogeza karibu. Joblib, ambayo scikit-learn inaitegemea, imejaribu kutuharibia raha hii kwa kupunguza nyuzi za ndani kimyakimya. Lakini ukitumia multiprocessing ya Python yenyewe, hakuna atakayekuzuia.

Uzuri wa hali hii ni kwamba viboksi vyote vitajaa mpaka juu. Piga picha, watumie wenzako kwenye grupu. Ila usijiulize hiyo asilimia 100 ni ya kufanya nini. Nyuzi zinazoendeshwa na OpenMP (mfumo wa kugawa kazi kwa nyuzi) zikimaliza kipande chake mara nyingi hazilali papo hapo, zinazunguka palepale zikiuliza “tayari?”, “tayari?”, na kuuliza huko nako Task Manager inakuhesabu kuwa ni kazi.

Upo mstari mmoja unaoweza kuvuruga mambo yote haya: OMP_NUM_THREADS=1, unaoziamuru maktaba hizo zitumie uzi mmoja tu, na unaowekwa kabla programu haijaita NumPy wala PyTorch. Ukiwekwa baada ya hapo kwa kawaida haufanyi kitu, na hivyo ndivyo wengi wanavyouweka. Nasi tunawaunga mkono.

Mtandao wenyewe uwe mdogo. Hili ni muhimu sana kwa mwenye nia ya kupoteza muda. Chukua fungu la sentensi 16, ulipitishe kwenye tabaka linalopokea namba 64 na kutoa 64. Hapo kuna mara 65,536 za kuzidisha na kujumlisha. Kiini kimoja cha siku hizi hufanya mabilioni ya hesabu hizo kwa sekunde, maana yake kazi yote ni mikrosekunde chache. Kuziita nyuzi saba nyingine, kuzigawia vipande, kisha kusubiri ya mwisho ilete jibu, nako kunakula mikrosekunde. Fanya hivyo kwa kila tabaka, kwa kila fungu, mara laki kadhaa. Ukiona nyuzi 8 zimeshindwa na uzi 1, ujue umefaulu. (Anayeongeza fungu kutoka 16 hadi 512 anavipa viini kitu cha kutafuna, na kasi inapanda. Huyo hatumtaki hapa, ingawa naye ana adhabu yake: fungu likikua, kasi ya kujifunza inabidi irekebishwe, na wengi husahau.)

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa IBM, alitoa hoja ambayo wauzaji wa seva hawaipendi mpaka leo. Kama asilimia 10 ya kazi yako haigawanyiki, basi hata ukiwa na viini visivyo na idadi, huwezi kuzidi mara 10. Kwa viini 8 unapata mara 4.7. Kwa viini 64, mara 8.8. Yaani umelipia viini 56 zaidi ili usogee kutoka 4.7 hadi 8.8. Ukienda kuomba pesa za mashine ya viini 64 ofisini, hesabu hii iache nyumbani. Na kama unataka sehemu isiyogawanyika inenepe, mbinu ni nyingi: safisha maandishi kwa Python mstari kwa mstari ndani ya kitanzi cha mafunzo, chapisha kiwango cha makosa kwenye kioo baada ya kila fungu, hifadhi mtandao mzima kwenye diski ya nje kila baada ya dakika moja.

Sasa tufike kwenye kulisha data, maana hapa ndipo penye utajiri.

PyTorch ina DataLoader, na DataLoader ina kigezo num_workers, yaani wafanyakazi wa pembeni wanaoandaa data wakati mtandao unajifunza. Usipokigusa ni 0: mchakato mkuu unajisomea wenyewe. Tuseme unafundisha mtandao utambue majina ya watu na mahali kwenye habari za Kiswahili, kwa data ya MasakhaNER iliyotolewa mwaka 2021. Sehemu yake ya Kiswahili ni sentensi kama 3,000. Zote zinaingia kwenye RAM na kubaki na nafasi ya kucheza. Mfanyakazi hahitajiki hata mmoja. Weka 8.

Ukiwa kwenye Windows, kila mfanyakazi ni Python mpya kabisa, inayoanza kwa kupakia PyTorch upya. Kuamka kwake kunachukua muda mrefu kuliko kuzisoma sentensi zote 3,000. Na usipoandika persistent_workers=True, duru (mzunguko mmoja wa kupitia data yote) ikiisha wote wanafukuzwa kazi, duru inayofuata wanaajiriwa upya. Duru 50, ajira 400.

Tena, kwenye Windows na kwenye Mac, usiandike ule mstari wa if __name__ == "__main__":. Bila huo, kila mtoto anayezaliwa anasoma faili lako tangu mwanzo, anaikuta amri ya kuzaa watoto, naye anataka kuzaa. Python huligundua jambo hili ikatupa kosa refu lenye neno freeze_support ndani yake, na msomaji wetu huanza kutafuta freeze_support ni nini, ilhali dawa ni ule mstari mmoja tu.

Wa Linux wasidhani wamesalimika. Huko, hadi Python 3.13, watoto walizaliwa kwa kunakiliwa kutoka kwa mzazi, jambo ambalo lilikuwa la haraka, ila ndani ya Docker kumbukumbu ya pamoja wanayopitishia data ni MB 64 usipoomba zaidi. Weka picha kubwa, weka wafanyakazi 8, na programu itakufa kwa kosa la Bus error. Kigezo --shm-size kipo, kinasubiri kuandikwa.

Halafu kuna kisa cha bahati nasibu. Ukinakili mzazi mara 8, unanakili na hali ya mashine yake ya kubuni namba. Watu waliokuwa wakipindua na kukata picha kwa namba za NumPy walikuwa na wafanyakazi wanane wanaotoa “bahati” ileile: wote wanapindua pamoja, wote wanakata palepale. Hakuna kosa linalotokea, hakuna onyo. Mtandao unajifunza tu kutoka kwenye data yenye aina chache kuliko ulivyodhani. PyTorch 1.9 ya mwaka 2021 ililirekebisha hilo. Kwa hiyo tafuta toleo la zamani, lile lililokaa kwenye flashi ya rafiki.

Wanaopenda nyuzi za Python yenyewe nao wasiachwe nyuma. Python ya kawaida ina kufuli moja kuu, GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati. Fungua nyuzi 8 za kusafisha maandishi, zitapokezana kufuli kwa adabu na kazi itakwenda kwa kasi ya uzi mmoja. Tangu Oktoba 2024, Python 3.13 inapatikana pia kwa namna isiyo na kufuli hilo, kwa majaribio. Msomaji wetu ataipakua bila kuangalia kama maktaba zake ziko tayari.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mtu mwenye akili ataamini kwamba nyuzi nyingi zikirekebisha namba zilezile za mtandao bila kufungiana mlango, mtandao utaharibika. Mwaka 2011 Feng Niu, Benjamin Recht, Christopher Ré na Stephen Wright wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison walionyesha kwamba si lazima. Waliondoa makufuli yote, wakaacha kila uzi uandike utakavyo, na chombo kikafika. Mbinu yao wakaiita Hogwild. Sharti ni moja: kila rekebisho liguse namba chache tu kati ya nyingi, ili nyuzi zigongane mara mojamoja. Word2vec ya Tomas Mikolov na wenzake wa Google, ya mwaka 2013, inakwenda kwa mtindo huo, na usipoiambia lolote inafungua nyuzi 12. Kwa Kiswahili unaweza kuona kwa macho kwa nini inafaa: uzi unaorekebisha “kangara” na unaorekebisha “mahakama” hazikutani kabisa. Zinazokutana ni zile za “ya”, “na” na “kwa”, maneno yaliyomo karibu kila sentensi, na hayo yanaonekana mara nyingi kiasi kwamba rekebisho moja likipotea halionekani pengo lake. Basi, kwa kufuata mwongozo huu, ichukue mbinu hiyo uipeleke kwenye mtandao ambao kila rekebisho linagusa namba zote.

Hata bila Hogwild, viini vingi vinakupa zawadi ya kutopata jibu moja mara mbili. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2 kwanza, kisha 0.3: inakujibu 0.6000000000000001. Anza na 0.2 na 0.3, kisha 0.1: unapata 0.6. Nyuzi zikigawana kujumlisha, mpangilio unaweza kubadilika kwa idadi ya nyuzi au kwa nani amewahi kufika, na tofauti hiyo ya mkiani inakua duru baada ya duru. Maelekezo ya Gensim, maktaba ya Python yenye Word2vec, yanasema wazi kwamba anayetaka matokeo yasiyobadilika atumie uzi mmoja wa kazi, pamoja na kuweka PYTHONHASHSEED. Msimamizi wako wa tasnifu akikuuliza kwa nini jedwali la leo halifanani na la wiki iliyopita, mwambie, “Ni viini, Profesa.” Atanyamaza kidogo, na hiyo ndiyo nafasi yako ya kutoka.

Kwa majigambo, kariri habari ya 2012: watafiti wa Google na Stanford walifundisha mtandao wenye miunganiko bilioni 1 kwa viini 16,000 kwenye mashine 1,000, kwa siku tatu, kwa picha milioni 10 kutoka YouTube, na neva moja ikajifunza kutambua sura ya paka. Usikariri ya 2013, ambapo Adam Coates na wenzake walifundisha mtandao wa ukubwa huohuo kwa mashine 3 zenye kadi za GPU, kwa siku chache. Wala usimtajie mtu kwamba mwaka uleule wa paka, AlexNet ilifundishwa Toronto kwa kadi mbili za GTX 580 kwa siku tano au sita. Ukishazijua hizo, utaanza kuiona CPU kuwa mahali pa kuandaa data na kujaribia mitandao midogo, na hapo utapoa.

Kuhusu kupoa: laptopu iweke juu ya godoro. Chukua i7-8550U, prosesa ya wati 15. Kiini kimoja kikiwa peke yake kinaweza kupanda hadi 4.0 GHz, vyote vinne vikikazwa kwa muda mrefu, Intel inakuhakikishia 1.8 tu. Godoro likishaziba matundu ya hewa, hata hiyo 1.8 inakuwa ya mashaka. Umeme wa LUKU unakwenda, feni inaimba, na kila kiini kinatembea nusu ya mwendo wake.

Wapo watakaoshindwa kuufuata mwongozo huu. Hao huanza na saa badala ya Task Manager. Wanaiacha duru ya kwanza ipite, maana ina mambo ya kuamka, kisha wanapima duru ya pili na ya tatu kwa uzi 1, halafu 2, halafu 4, wakitumia torch.set_num_threads, na wanasimama pale muda unapoacha kupungua. Wanafanya vivyo hivyo kwa num_workers, wakianzia 0. Mara nyingi wanakuta jibu ni dogo kuliko idadi ya viini, na hawalii.

Kisha wanafanya jambo ambalo kwa mtandao mdogo lina faida kuliko yote yaliyotajwa hapo juu. Wanajua kwamba hawatafundisha mtandao mara moja: watajaribu kasi tofauti za kujifunza, ukubwa tofauti wa tabaka, namba tofauti za kuanzia. Basi kwenye laptopu ya viini 4 wanafungua madirisha manne, kila dirisha programu yake, kila programu na OMP_NUM_THREADS=1, ilimradi RAM inatosha. Programu hizo haziulizani kitu wala hazisubiriani, na hoja ya Amdahl haina pa kuzishika. Zinagawana njia ya RAM na joto tu.

Ukiamua kuwa mmoja wao, andika muda wa duru na idadi ya nyuzi juu kabisa ya faili lako. Siku utakapobadilisha laptopu, ukubwa wa fungu au toleo la maktaba, namba hiyo haitakuwa sahihi tena na itabidi upime upya.